Tanuri la uani linapotaka nyumba yake

Tanuri la kuni lililojengwa uani wakati wa kiangazi hupendeza mpaka masika yafike. Mvua ya wiki mbili ikilipiga, udongo hunywa maji, na siku mama anapowasha moto mkubwa ili aoke mikate ya oda, maji hayo hugeuka mvuke na kutafuta pa kutokea. Maji yakiwa mvuke hupanuka zaidi ya mara 1,600. Kuba hupasuka, na pesa za ada ya watoto hupotelea hapo.

Wengine hulifunika kwa turubai au kibanda cha makuti. Cheche moja ikiruka, moto hauishii kwenye kibanda. Ndiyo maana familia zinazooka mara kwa mara huamua kulijengea tanuri nyumba yake: fremu ya chuma, kuta nyembamba za lipu na paa la bati. Kazi si kubwa. Fundi wa kuchomelea wa mtaani anaiweza. Kinachoharibu ni baba na fundi kupatana jioni moja, huku anayeoka hajaulizwa.

Aulizwe kwanza. Yeye ndiye anayejua upepo wa jioni unatoka wapi, na sakafu ya tanuri iwe juu kiasi gani ili asiiname kutwa nzima. Kwa wengi, kimo kinachofaa ni karibu na kiwiko. Tena ule mti mrefu wa kutolea mikate unahitaji nafasi nyuma ya mwokaji. Ziko nyua ambazo kila mkate ukitoka, mti hugonga kamba ya nguo.

Kwa fremu, pipe za mraba za inchi moja na nusu zinatosha. Nguzo zisichimbiwe ardhini, maana kutu huanzia pale pale chuma kinapoingia kwenye udongo. Zikae juu ya zege, zimechomelewa kwenye vipande vya bati nene na kufungwa kwa boliti. Halafu kuna jambo ambalo fundi asiyezoea matanuri hulipuuza: chuma kisiguse kuba wala bomba la moshi popote. Chuma cha mita 2 kikiongezeka joto kwa nyuzi 100 hurefuka kwa milimita 2.4 hivi. Kwa macho ni kitu kidogo, lakini kinatosha kusukuma udongo mkavu na kuutia ufa.

Basi iachwe nafasi ya sentimita 10 kuzunguka kuba. Wavu wa kuku hufungwa kwa waya kwenye fremu, lipu hupigwa tabaka mbili, na ikishakauka, ile nafasi hujazwa kutoka juu kwa majivu makavu yaliyochekechwa, ambayo pia huzuia joto lisipotee. Kenchi nazo ziwe za chuma, si za mbao. Bomba la moshi lipite kwenye tundu pana kuliko lenyewe, na juu yake iwekwe kofia ya bati, kwani majivu yakilowa hayafai kitu.

Siku ya kuchomelea, watoto wa mtaa mzima hujaa uani kutazama ule mwanga wa buluu. Jicho lililoutazama haliumi papo hapo. Usiku ndipo huanza kuwasha kana kwamba limetiwa mchanga. Siku hiyo washinde kwa shangazi. Pipe zenye mipako ya zinki nazo si za kuchomelea uani: hutoa moshi mweupe, na aliyeuvuta anaweza kushikwa na homa na maumivu ya mwili jioni hiyo hiyo. Glasi ya maziwa ambayo mafundi wengi huiamini haiutoi moshi mapafuni. Afadhali chuma cheusi, kisha rangi ya kuzuia kutu.

Kufunga kuta hakutaki haraka. Udongo ukauke vizuri, kisha uwashwe moto mdogo wa vijiti kila jioni kwa wiki nzima. Ukuta ukishafungwa, unyevu uliobaki ndani hutoka kwa shida.

Siku ya mkate wa kwanza, baada ya saa mbili za moto, mwokaji aweke kiganja kwenye ukuta wa nje. Kikitulia hapo bila kuungua, ni dalili kwamba majivu yanazuia joto. Mdomo wa tanuri ni habari nyingine. Huo unahitaji kizuizi cha chuma mbele yake, na ni heri kichomelewe fundi akiwa bado yupo na mashine yake.