Kabla ya Kulipa Karo ya Shahada ya Fedha, Hakikisha Mambo Haya 4

Kutuma karo kwa simu huchukua chini ya dakika moja. Lakini hela hiyo pengine imetoka kwa chama, kwa sacco au kwa ng'ombe aliyeuzwa. Kama wewe au mwanao anatafuta chuo cha kusomea shahada ya fedha, pitia mambo haya kabla ya kuweka PIN.

1. Je, kozi yenyewe imeidhinishwa?

Vyuo vikuu nchini Kenya husimamiwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE. Usiishie kuuliza kama chuo kinatambulika. Uliza pia kuhusu kozi unayoitaka. Vyuo vya kati vinavyotoa cheti na diploma huwa chini ya TVETA. Chuo cha kati kikikuahidi shahada, uliza ni chuo kikuu gani kitakachoitoa, kisha piga simu huko ukathibitishe.

2. Unataka kazi gani?

Katika vyuo vikuu vingi, mwanafunzi wa BCom huchagua tawi kama fedha, uhasibu au bima. Ukitaka kuwa mhasibu, shahada pekee haitoshi; utahitaji pia CPA ya KASNEB. Kwa uchambuzi wa uwekezaji, kuna CIFA, ambayo mitihani yake pia hutolewa na KASNEB. Mwenye shahada inayohusiana anaweza kuomba kusamehewa baadhi ya karatasi, kwa ada. Kwa hivyo uliza mapema: shahada hii itanipunguzia karatasi ngapi?

3. Karo yote ni pesa ngapi?

Matangazo hutaja karo ya muhula mmoja. Wewe piga hesabu ya kozi nzima. Tuseme muhula ni shilingi 60,000, na kozi ni miaka 4 yenye mihula 8. Hiyo ni 480,000, kabla ya nyumba, chakula, ada ya usajili na ya mahafali. Mkopo wa HELB unaweza kusaidia, lakini kumbuka ni deni, utalilipa. Chuo cha bei nafuu utakachomaliza ni bora kuliko cha kifahari utakachoacha mwaka wa pili.

4. Pesa zinaenda kwa nani?

Lipa kwa Paybill au akaunti ya benki iliyo kwenye barua rasmi ya kujiunga, na uilinganishe na ile iliyo kwenye tovuti ya chuo. Kwenye nambari ya akaunti, weka ile chuo kilichokuelekeza, mara nyingi nambari ya usajili ya mwanafunzi. Soma jina linalotokea kabla ya kuthibitisha. Ukiona jina la mtu binafsi, simama hapo hapo.

Mtu akikupigia akisema "tuma 5,000 nikushikie nafasi," kata simu. Nafasi za KUCCPS haziuzwi.

Ukishalipa, usifute SMS. Itunze pamoja na risiti ya chuo hadi siku ya mahafali. Na ukigundua umetuma kwa nambari isiyo sahihi, wasiliana nasi mara moja ukiwa na nambari ya muamala. Pesa ikishatolewa na aliyeipokea, kuirudisha huwa vigumu zaidi.