NYONGA BANDIA NA KANUNI YA WENZO

Kisiwa cha Pemba ni nchi ya vilima na mabonde. Mkazi wake hupanda na kushuka kila siku, aendapo shambani, kisimani au msikitini. Kwa mtu huyo, nyonga iliyoharibika ni zaidi ya maumivu. Ni kizuizi cha maisha yote aliyoyazoea.

Nyonga huharibika kwa sababu mbalimbali. Katika uzee, gegedu linalofunika ncha za mifupa huweza kulika. Mtu akianguka, shingo ya fupa la paja huweza kuvunjika. Aidha, uko ugonjwa wa selimundu, ambao Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye wagonjwa wake wengi duniani. Katika ugonjwa huo chembe nyekundu za damu hubadilika umbo na kuziba mishipa midogo. Kichwa cha fupa la paja kikikosa damu, hufa na kubonyea. Kwa hiyo hata vijana huweza kuhitaji nyonga bandia.

Nyonga bandia ni nini?

Kiungo cha nyonga ni mfano wa tufe linalozunguka ndani ya kikombe. Daktari huondoa tufe lililoharibika na kuweka la madini, lenye shina linaloingia ndani ya fupa la paja. Kisha huweka kikombe kipya. Mwaka 1962 daktari Mwingereza, John Charnley, alianza kutumia kikombe cha plastiki ya polithini, baada ya vikombe vyake vya awali vya tefloni kulika upesi. Hapa Tanzania upasuaji huu hufanywa, miongoni mwa mahali pengine, katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 1996.

Upasuaji huchukua saa chache tu, lakini kupona huchukua miezi. Mgonjwa wa Pemba aliyetibiwa ng'ambo ya bahari hufanya sehemu kubwa ya kazi hiyo nyumbani kwake.

Nguvu zinazobebwa na nyonga

Kila tunapopiga hatua, kuna wakati mwili husimama juu ya mguu mmoja. Hapo nyonga huwa egemeo la wenzo. Uzito wa mwili huvuta upande wa ndani, na misuli ya ubavu wa nyonga huvuta upande wa nje ili kiuno kisilale.

Tuchukue mtu wa kilo 60. Sehemu ya mwili iliyo juu ya nyonga hiyo, pamoja na mguu ulioinuliwa, ina uzito wa nyutoni 500 hivi. Tukichukua kwamba uzito huo uko sentimita 10 kutoka kwenye egemeo, na misuli iko sentimita 5 tu, basi misuli haina budi kuvuta kwa nyutoni 1,000. Nyonga hubeba vyote viwili: nyutoni 1,500, yaani mara mbili na nusu ya uzito wa mtu mzima!

Sasa mtu huyo ashike bakora kwa mkono ulio upande wa mguu mzima, sentimita 40 kutoka kwenye nyonga iliyopasuliwa, na kuikandamiza kwa nyutoni 50. Misuli itahitaji kuvuta kwa nyutoni 600 tu, na mzigo wa nyonga utashuka hadi 1,050. Nguvu ndogo ya mkono imeondoa nyutoni 450. Watu wengi hushika bakora upande wa mguu mgonjwa. Kumbe huko msaada huu haupatikani, na mtu hulazimika kuinama ubavu.

Mazoezi

Misuli hiyo hudhoofika kwa maradhi na kwa upasuaji wenyewe. Isipofanyishwa kazi, mtu huchechemea hata kama nyonga mpya ni nzima. Mazoezi huanza mapema, kitandani: kukunja na kukunjua nyayo ili damu isigande miguuni, na kukaza misuli ya paja na matako. Kisha mgonjwa husimama, hutembea kwa magongo, na huinua mguu kwa upande. Katika ngazi, mguu mzima hutangulia kupanda, na mguu uliopasuliwa hutangulia kushuka.

Kwa majuma ya mwanzo, wagonjwa wengi hukatazwa kukunja nyonga kupita nyuzi 90, kupishanisha miguu, au kuzungusha mguu kwa ndani, kwani tufe huweza kuchomoka. Hivyo mbuzi ya kukunia nazi, kigoda na choo cha kuchutama huwa hatari. Kiti kirefu kinahitajika, na sala husaliwa kitini. Muda wa masharti hayo hutajwa na daktari aliyepasua. Homa, kidonda kutoa usaha, kuvimba kwa mguu, au maumivu ya ghafla ni sababu ya kwenda hospitali bila kuchelewa.

Jaribio darasani

Mwanafunzi asimame kwa mguu wa kulia, akiweka vidole vya mkono wa kulia ubavuni mwa nyonga hiyo. Atahisi misuli ikikakamaa. Kisha aikandamize bakora chini kwa mkono wa kushoto. Misuli italegea palepale, naye atakuwa ameigusa kanuni ya wenzo kwa vidole vyake.