Sayansi Huanzia Jikoni: Tuwasaidie Watoto Kujifunza kwa Vitendo

"Mama, mwalimu amesema kesho twende na maharage kumi, pamba na makopo." Wengi wetu tumeyasikia maneno kama hayo usiku, vyombo vimekwisha oshwa na duka limefungwa. Jibu linalotujia upesi ni kwamba shule imezidi kuomba. Juzi ilikuwa fagio, leo maharage, na maharage yenyewe ndiyo mboga ya kesho! Lakini tukitulia kidogo, tutaona kwamba katika vitu vyote anavyotumwa mtoto, hivi vidogo ndivyo vyenye faida kubwa.

Sayansi haifundishiki kwa chaki peke yake. Mtoto aweza kukariri kwamba mbegu huhitaji maji, hewa na joto la kiasi ili iote, akayaandika vizuri katika mtihani, kisha akasahau. Yule aliyeona kwa macho yake mbegu moja ikiota na nyingine ikikataa hasahau upesi. Tena mitihani ya kidato cha nne, Tanzania na Kenya, ina sehemu ya vitendo katika Fizikia, Kemia na Baiolojia. Mtoto ambaye tangu darasa la kwanza hajapima wala kumimina kitu huingia katika chumba hicho mikono ikitetemeka.

Swali lililochekwa

Mwaka 1963, Erasto Mpemba, mwanafunzi wa shule ya sekondari ya Magamba, Lushoto, alikuwa akitengeneza aiskrimu pamoja na wenzake. Desturi ilikuwa kuchemsha maziwa, kutia sukari, na kuyaacha yapoe kabla ya kuyaweka katika jokofu. Nafasi ilikuwa haba. Mpemba akaogopa kuikosa, akayaweka yakiwa bado moto. Baadaye akakuta yake yameganda kabla ya yale ya mwenzake ambaye hakuyachemsha kabisa.

Alipouliza sababu, aliambiwa kwamba amechanganyikiwa. Alipouliza tena akiwa shule ya Mkwawa, Iringa, alichekwa. Hakunyamaza. Dakta Denis Osborne, mwalimu wa Fizikia wa chuo kikuu Dar es Salaam, alipoitembelea shule hiyo, Mpemba alimwuliza swali lile lile. Osborne aliporudi chuoni aliagiza jambo hilo lijaribiwe. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala juu yake. Hadi leo wataalamu wanabishana kuhusu jambo hilo, na duniani kote linaitwa kwa jina la Mpemba. Yote yalianzia katika maziwa ya aiskrimu, na kwa kijana aliyeamini macho yake.

Majaribio matatu ya bei ndogo

Haya yanaweza kufanyika darasani, hata lisilo na maabara, na pia nyumbani.

1. Mbegu huhitaji nini? Chukua makopo matatu. La kwanza weka maharage juu ya pamba yenye maji. La pili weka pamba kavu. La tatu zamisha maharage katika maji yaliyochemshwa, kisha mimina mafuta ya kula juu yake ili kuzuia hewa. Maji hayo yapoe kabisa kwanza, ama sivyo mtakuwa mmepika! Weka makopo yote mahali pamoja, na watoto waandike wanayoyaona kila siku kwa wiki moja. Katika kopo la kwanza yataota. Waulizeni watoto yale mengine yamekosa nini.

2. Puto linalojijaza. Tia maji ya ndimu au siki katika chupa ndogo, kiasi cha robo. Weka kijiko kimoja cha chai cha magadi soda ndani ya puto, vika puto kwenye mdomo wa chupa, kisha liinue ili magadi yaanguke. Povu litatoka na puto litavimba. Iliyolijaza ni hewa ya ukaa, ile ile inayoumua unga wa maandazi tunapotia hamira.

3. Maji yanayobadilika rangi. Loweka ua jekundu la haibiskasi, lile linalopandwa kwenye nyua, katika maji ya moto mpaka yapate rangi, kisha chuja. Gawa katika bilauri mbili. Moja tia ndimu, nyingine maji ya majivu yaliyochujwa. Penye ndimu patakuwa pekundu, penye majivu patageuka kijani. Ndimu ni asidi; majivu yana alikali. Alikali hiyo hukata mafuta, na ndiyo maana bibi zetu walisugulia sufuria majivu.

Mambo ya kuangalia

Kabla ya kuanza, mwache mtoto aseme anachodhani kitatokea. Akikosea, usimcheke wala usimpe jibu haraka, ajaribu kwanza. Maji ya moto yamiminwe na mtu mzima. Chochote cha majaribio kisionjwe, na maji ya majivu yasiingie machoni. Dawa za kusafishia choo na betri zisiguswe kabisa.

Tuwaangalie pia binti zetu. Mara nyingi katika kundi la majaribio wavulana ndio wanaoshika vifaa, na wasichana huachiwa kuandika na kuosha vyombo. Nyumbani nako tunamwita msichana jikoni aje kupika, lakini hatumwulizi kwa nini unga umeumuka. Huyu anayejua kupima chumvi kwa kiganja ameshaanza kuwa mwanasayansi. Anahitaji tu mtu wa kumwuliza maswali.

Basi tuanze na jambo dogo. Tuweke mfuko mmoja nyuma ya mlango, tukusanye makopo, vifuniko, chupa za plastiki na mirija, ili mtoto asitafute vitu usiku. Katika mkutano wa wazazi, badala ya kuulizia nafasi ya mtoto darasani tu, tuulize pia: "Muhula huu wamefanya majaribio gani?" Mwalimu mwenye watoto sabini hawezi kununua maharage ya wote kwa mshahara wake. Lakini kila mama akitoa punje kumi, kila mtoto atakuwa na kopo la kwake la kuangalia.