Baruti ya risasi huzeeka: kwa nini maghala hukaguliwa

KIGALI – Risasi inayoonekana nzima kwa nje yaweza kuwa na baruti iliyokwisha kuharibika ndani. Baruti isiyo na moshi, iliyobuniwa na Mfaransa Paul Vieille mwaka 1884, hutengenezwa kwa nitroselulosi, ambayo huchakaa polepole na kutoa gesi zenye asidi. Gesi hizo huharakisha uharibifu wenyewe, kwa hiyo viwanda huchanganya kemikali ya kuzifyonza, kama vile difenilamini. Kemikali hiyo ikiisha, baruti iliyorundikwa kwa wingi penye joto yaweza kuwaka yenyewe. Hivyo hupimwa mara kwa mara, na iliyochakaa huteketezwa.

Gharama ya ghala la silaha kulipuka, kwa chanzo chochote, inafahamika Afrika Mashariki: jijini Dar es Salaam, milipuko ya Mbagala, Aprili 2009, na Gongo la Mboto, Februari 2011, iliua makumi ya watu.

Rwanda ilitia saini Itifaki ya Nairobi tarehe 21 Aprili 2004, inayozitaka nchi wanachama kuhifadhi silaha kwa usalama na kuharibu zilizozidi. Raia anayekuta risasi kuukuu asiiguse wala asiichome, awaarifu polisi.