Jina Hutafutwa Kuanzia Ndani

Fungueni madaftari, mwandike juu ya ukurasa neno hili: JINA. Leo tutaona jinsi herufi moja iliyosahauliwa iwezavyo kuharibu mashine nzima.

Ndani ya simu na kompyuta mna kipande kidogo kama ukucha, kiitwacho chipu. Katika chipu mna swichi nyingi mno, mamilioni kwa mamilioni. Hakuna fundi awezaye kuzichora zote kwa mkono. Basi fundi huandika maneno, na kompyuta huyageuza maneno hayo kuwa ramani ya nyaya. Lugha moja ya kazi hiyo yaitwa Verilog. Mwaka 1995 shirika la wahandisi liitwalo IEEE lilitoa kitabu cha kanuni zake.

Katika Verilog kazi hugawanywa katika sehemu ziitwazo moduli. Ifikirieni moduli kama nyumba yenye vyumba. Kila waya una jina, na fundi hulitangaza jina hilo, yaani husema, "Hapa pana waya uitwao taa."

Je, nyaya mbili zaweza kuitwa taa? Katika chumba kimoja, haiwezekani. Katika vyumba viwili, yawezekana. Basi kompyuta itajuaje ni taa ipi?

Mama akiita nyumbani kwake, "Juma!", mtaani huenda wamo akina Juma watatu, lakini aitikaye ni Juma wa nyumba ile. Kompyuta nayo hutafuta jina kwanza katika chumba ambamo limetumiwa. Lisipopatikana, hutoka kwenda ukumbini, mpaka ifike ukuta wa nyumba. Jina lionekanalo kwanza ndilo litumikalo. Katika Verilog, jina tupu la waya halitafutwi nje ya ukuta huo. Fundi akitaka waya wa nyumba nyingine, huandika jina kamili na kulitenga kwa nukta: nyumba.chumba.taa. Ni kama kusema, "Juma wa kwa Mzee Salim."

Sasa sikilizeni hatari iliyopo. Tuseme fundi ametangaza nyaya nne pamoja, akaziita hesabu, zipeleke namba kutoka nyumba moja mpaka nyingine. Upande wa kupokea akaandika hesbu. Herufi a imeanguka. Kompyuta yatafuta hesbu chumbani, ukumbini, mpaka ukutani, wala haioni. Je, itasimama na kusema, "Umekosa"? La! Kwa kanuni za Verilog, mahali pa kuunganisha nyumba na nyumba, kompyuta hubuni waya mpya, mmoja tu, na kuuita hesbu. Waya huo hauletewi namba yoyote. Namba zatoka upande huu, lakini upande ule hazifiki. Pengine kompyuta hutoa onyo, lakini kazi yaendelea, na onyo moja kati ya mengi husahaulika upesi.

Angalieni na herufi kubwa pia. Katika Verilog, Taa na taa ni majina mawili.

Kosa la daftari hufutwa kwa raba. Kosa lililokwisha kuingia katika chipu halifutiki hivyo. Mwaka 1994 lilijulikana kosa katika chipu ya Pentium ya kampuni ya Intel, Marekani. Halikuwa kosa la jina. Baadhi ya namba zilikosekana katika jedwali lake la kugawanya. Hata hivyo kampuni ilitenga dola milioni 475 kwa sababu ya kosa hilo.

Dawa ya majina ipo. Kanuni za mwaka 2001 ziliongeza amri ya kuikataza kompyuta isibuni waya. Fundi mwangalifu huiandika mwanzoni mwa kazi yake. Jina likikosewa, kazi husimama pale pale, na kosa husahihishwa lingali maneno tu.

Nanyi fanyeni hivyo. Kabla ya kutia sahihi barua au fomu, someni kila jina tena, herufi kwa herufi.

Maswali
1. Kompyuta huanza kutafuta jina wapi?
2. Kwa nini hesbu haikuonekana kuwa kosa?
3. Andika jina kamili la waya uitwao pampu, ulio katika chumba kiitwacho kisima, nyumba iitwayo shamba. Usisahau nukta.

Kwaherini mpaka somo lijalo.