Kuwinda Kibira: sheria inakataza nini, na aendaye milimani ajiandae vipi?

Msimu wa kiangazi unapoingia mwezi Juni, barabara za milimani hukauka na wakazi wa Bujumbura wenye nafasi hupanga safari za kaskazini, kwenye baridi na misitu. Miongoni mwao hawakosekani wanaouliza iwapo mtu anaweza kwenda Kibira na mbwa wake, mkuki au bunduki, akarudi na kitoweo. Jibu ni hapana.

Msitu wa mfalme

Kibira ni msitu wa milimani wenye ukubwa wa takriban hekta 40,000, ulioko kati ya mita 1,600 na mita 2,600 na zaidi juu ya usawa wa bahari. Umeenea katika maeneo ya Kayanza, Muramvya, Bubanza na Cibitoke, na kwa upande wa kaskazini umeungana na msitu wa Nyungwe nchini Rwanda.

Enzi za ufalme, msitu huo ulikuwa mahali pa mawindo ya Mwami, na si kila mtu aliyeruhusiwa kuingia humo. Mwaka 1933 utawala wa Kibelgiji uliufanya kuwa msitu wa akiba, na mwaka 1980 serikali ya Burundi ikautangaza kuwa hifadhi ya taifa. Leo unasimamiwa na OBPE, ofisi ya serikali inayohusika na ulinzi wa mazingira.

Sheria inasemaje?

Ndani ya hifadhi ya taifa, kuua, kujeruhi au kukamata mnyama ni kosa, iwe kwa bunduki, mkuki, mbwa au mtego. Mwaka 2011 Burundi ilipitisha sheria inayohusu maeneo yanayohifadhiwa, na nyingine inayohusu biashara ya wanyama na mimea ya porini. Kwa hiyo sheria haimtazami mwindaji peke yake, bali pia yule anayeiuza nyama au ngozi mjini. Kubeba silaha ya moto bila idhini nako ni kosa linalojitegemea, na uzito wake huongezeka katika msitu ambao makundi yenye silaha yamewahi kuutumia kama maficho.

Kwa nini katazo ni kali?

Mtego wa waya hauchagui. Aliyeutega akimtarajia nguruwe pori anaweza kumnasa sokwe, na sokwe huzaa mtoto mmoja tu baada ya miaka kadhaa. Yaliyotokea Nyungwe ni onyo: nyati walimalizwa na wawindaji katika miaka ya 1970, na tembo wa mwisho akauawa mwaka 1999. Msitu ulibaki umesimama, lakini wanyama hao hawakurudi.

Hasara hiyo huwafikia hata wasioujua msitu. Kibira imekaa juu ya mgongo wa milima unaogawa maji: vijito vya mashariki huelekea mto Ruvubu na hatimaye Nile, na vya magharibi hushukia Rusizi na Ziwa Tanganyika. Bwawa la Rwegura, linalozalisha umeme wa megawati 18, hutegemea maji ya milima hiyo. Ndege na nyani ni miongoni mwa wasambazaji wa mbegu za miti. Wakitoweka, msitu hukosa wa kuupanda upya.

Waliobeba gharama

Katazo hilo halikuwagusa wote sawasawa. Kwa Watwa, uwindaji haukuwa burudani bali riziki, na wengi wao waliachwa bila msitu na bila ardhi ya kulima. Katiba imewatengea viti vitatu katika Bunge na vitatu katika Seneti, ila kiti bungeni hakijazi chungu cha familia inayoishi kando ya hifadhi. Ulinzi usiompa jirani wa msitu njia nyingine ya kuishi humsukuma arudi kwenye mtego.

Safari iliyo halali

Anayetaka kuingia Kibira aombe kwanza kibali cha OBPE na kupewa mwongozaji. Sekta za Teza na Rwegura, zilizo jirani na mashamba ya chai, ndizo zinazofahamika zaidi na wageni. Miezi ya Juni hadi Agosti ndiyo mikavu. Machi na Aprili njia huteleza. Nguo za baridi, viatu vya kushika matope na koti la mvua ni lazima, hata kama Bujumbura kuna joto. Kabla ya kuondoka, ni vyema kuuliza hali ya usalama ya sekta husika.

Anayeng'ang'ania kuwinda atalazimika kutazama nje ya nchi. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Tanzania huuruhusu katika vitalu maalumu, yakiwemo baadhi ya mapori ya akiba, lakini kamwe si ndani ya hifadhi za taifa. Mgeni hupitia kampuni yenye leseni, huandamana na mwindaji bingwa, na hulipia kila mnyama. Kurudi nyumbani na pembe au ngozi kwaweza kuhitaji hati za mkataba wa CITES, ambao Burundi ilijiunga nao mwaka 1988. Asiyekuwa nazo huenda akapokonywa nyara hizo mpakani na kufunguliwa mashtaka, hata kama mnyama aliuawa kihalali.