APSI ILIYONIAIBISHA



Mwaka jana mwalimu wetu wa historia aliniuliza, "Apsi ni nini?" Nikasimama upesi, nikajibu, "Ni sehemu ya basilika." Akasema, "Sehemu ipi?" Nikanyamaza, na darasa zima likacheka. Nilikuwa nimekariri maneno kama kasuku, wala sikujua hata moja lakaa wapi. Jioni ile nilichukua daftari langu nikaingia katika kanisa letu la misioni, na huko ndiko nilikoyaelewa.

Kwanza, BASILIKA. Warumi wa kale waliita hivyo ukumbi mkubwa wa kuamulia mashauri na kufanyia biashara. Mwaka 313 Kaisari Konstantino aliwapa Wakristo uhuru wa dini, nao wakahitaji nyumba za kutosha watu wengi. Hekalu za miungu hazikufaa, kwa kuwa sadaka zilitolewa nje, mbele ya mlango. Basi wakachagua umbo la ukumbi ule.

Tutazame Santa Sabina, kanisa lililojengwa Roma mwaka 422 hadi 432, nalo lingali limesimama. Sehemu ndefu ya katikati ni NEVI, kutoka neno la Kilatini lenye maana ya merikebu. Huku na huku pana njia za pembeni, zilizotengwa na nevi kwa nguzo 24. Juu ya nguzo pana ukuta wenye madirisha, ndio KLERESTORI. Bila madirisha hayo katikati pangekuwa giza. Mbele kabisa ukuta umepinda nusu duara: hiyo ndiyo APSI! Katika ukumbi wa Warumi hapo alikaa hakimu. Kanisani akakaa askofu.

Nguzo zile 24 zilitolewa katika jengo la zamani zaidi. Vitu vya namna hiyo huitwa SPOLIA. Hata mfalme Charlemagne, alipojenga kanisa lake huko Aachen, Ujerumani, karibu na mwaka 800, aliagiza nguzo na marumaru kutoka Roma na Ravenna.

Kanisa letu halina spolia; matofali yake yalichomwa hapa hapa. Lakini nevi ipo, na apsi ipo. Wadogo zangu, mtihani u karibu: ingieni mkayatazame kabla hamjaulizwa. Nanyi kaka zetu mliokwisha kutoka shuleni, mkibahatika kufika Roma, nihesabieni nguzo zile.